Mjomba, Ndani ya Jiwe Hili Mna Nini?

Leo nawasimulieni habari ya aibu iliyonipata, pamoja na faida iliyotoka katika aibu hiyo. Mimi ni katekista hapa Kasongo. Nilisoma seminari ndogo, kisha seminari kubwa kwa miaka michache, hata nilipoona kwamba njia yangu ni nyingine. Sasa nina mke na watoto wanne, na umri wangu ni miaka 36. Mtu wa namna yangu watu humwita msomi; naye asipojihadhari, siku moja husadiki maneno yao.

Kiangazi hiki, mwezi wa sita, nilipanda baisikeli kwenda upande wa Kabambare kumtazama dada yangu aliyefiwa na mumewe. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 100, na njia yenyewe ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare kuja Kasongo na Nyangwe, ikileta nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba. Wafua wa zamani walitumia waya ule ule mmoja: huyu aliupinda ukawa bangili, yule aliuvuta ukawa udodi mwembamba wa kuviringia mpini. Shaba ni ile ile, lakini umbo limeipa kazi nyingine. Nawaombeni myakumbuke masango hayo, maana habari yangu yote ni ya waya uliopindwa.

Nilipofika kwa dada, sikumkuta mpwa wangu. Kijana huyu ana miaka 17. Tangu shule ya msingi alikuwa wa kwanza katika hesabu. Baba yake alipofariki, karo ilikosekana, naye akaacha masomo katika mwaka wa nne wa sekondari, akawafuata vijana wenzake kwenye mashimo ya mawe meusi. Alirudi jioni ya siku ya pili, udongo umemjaa hata kwenye kope. Akanisalimu kwa heshima, akanawa, tukala bugali na sombe. Kisha akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua, akaniwekea kiganjani jiwe moja jeusi, dogo kama punje ya haragwe, lakini zito kupita ukubwa wake.

"Mjomba," akasema, "wewe umesoma kuliko watu wote wa ukoo wetu. Ndani ya jiwe hili mna nini, hata watu wa mbali walitafute namna hii?"

Nikajibu upesi, kama mtu aliyezoea kujibu: "Hii ni koltani, mwanangu. Wanaitengenezea simu."

"Hilo kila mtoto wa shimoni analijua. Mimi nauliza, ndani ya simu inafanya nini? Kwa nini jiwe hili, si jingine?"

Nikanyamaza. Dada yangu akainama kuchochea moto, kusudi asinitazame usoni.

"Basi, Mjomba, unisamehe," akasema kijana. "Lakini ikiwa wewe uliyesoma miaka yote ile hujui, mimi nirudi shuleni kutafuta nini? Shimoni napata angalau fedha ya chumvi na sabuni."

Hakusema kwa kiburi. Angalisema kwa kiburi, ningalimkaripia, na maneno yangalikwisha. Alisema kama mtu anayefanya hesabu na kuona jibu lake. Usiku ule sikupata usingizi. Niliwaza jinsi udongo wa mashimo unavyoteleza wakati wa mvua, na jinsi vijana wanavyoshuka humo hata hivyo. Tena nikakumbuka mara nyingi ambazo mimi mwenyewe nilimwambia mtoto darasani, "Swali hilo halimo katika somo la leo."

Asubuhi nilimwambia, "Nipe jiwe hilo, nitakuletea jibu."

Akacheka kidogo. "Mjomba, jiwe ni fedha."

Nikalipa bei ile ile ambayo angalilipwa na mnunuzi, nikalitia mfukoni, nikarudi Kasongo.

Mzee wa chini ya mwembe

Hapa Kasongo yupo mzee mmoja aliyefundisha fizikia miaka mingi. Sasa amestaafu, anafuga kuku, na jioni huketi chini ya mwembe akisoma habari za wataalamu katika simu yake, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaliweka jiwe mbele yake, nikamweleza yote.

"Katekista," akasema, "umekuja kuniuliza habari ya jiwe au habari ya kijana?"

"Zote mbili, Mzee."

"Basi tuanze na jiwe. Hilo ni jepesi zaidi."

Akanieleza kwamba katika koltani mna metali mbili zinazofanana kama ndugu: niobi na tantali. Tantali iligunduliwa mwaka 1802 na Anders Gustaf Ekeberg, mtu wa Uswidi. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,000, wala asidi nyingi haziwezi kuila. Sehemu kubwa ya tantali hutumiwa kutengenezea vihifadhi vidogo vya umeme, vile ambavyo ndani ya simu hupokea umeme na kuutoa tena kwa kipimo, kusudi usiruke ruke.

"Sasa sikiliza vema," akasema. "Kihifadhi kile hakifanyi kazi kwa sababu ya tantali peke yake. Wanachukua unga wa tantali, wanaushindilia na kuuchoma hata ushikamane kama sifongo yenye matundu mengi. Kisha kila tundu hufunikwa ngozi nyembamba ya oksaidi. Kitu ni kidogo kama punje ya mchele, lakini ngozi ile ukiikunjua ni pana kabisa, na umeme huhifadhiwa pande mbili za ngozi hiyo. Kipande cha tantali kisicho na matundu kisingefaa hivyo. Umbo ndilo linalofanya kazi."

Nikashukuru, nikataka kuondoka, maana nilidhani jibu nimelipata. Mzee akanishika mkono.

"Ngoja. Hiyo ni kazi iliyokwisha kujulikana. Ipo kazi nyingine inayochunguzwa siku hizi, na tantali imo pia. Kijana anayeuliza 'kwa nini' haridhiki na nusu ya jibu. Kaa chini."

Doa mbili juu ya kioo

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo nilipoanza kusikia neno ambalo sikulijua: spini. Nitalieleza kama nilivyoelezwa.

Katika kila kitu mna elektroni, chembe ndogo sana ambazo mwendo wake ndani ya waya ndio tunaouita umeme. Shuleni tulifundishwa kwamba elektroni ina chaji hasi, basi. Kumbe ina tabia ya pili: kila moja ni kama sumaku ndogo. Tabia hiyo ndiyo iitwayo spini.

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Ujerumani, Otto Stern na Walther Gerlach walichemsha madini ya fedha katika tanuru ndogo, wakaupitisha mvuke wake kati ya ncha za sumaku ambayo nguvu yake si sawa pande zote, ukaangukia juu ya kioo. Nyakati zile Ujerumani ilikuwa katika umaskini wa baada ya vita, hata Max Born, aliyekuwa mkuu wa Stern, alitoza watu kiingilio katika mihadhara yake ili kazi isikwame. Kama sumaku zile ndogo zingalielekea kila upande, kioo kingalionyesha doa moja lililotanda. Lakini mvuke uligawanyika sehemu mbili, na katikati palibaki wazi. Husimuliwa kwamba mwanzoni hawakuona kitu cho chote juu ya kioo, mpaka Stern alipokitazama kwa karibu. Alikuwa akivuta sigara za bei rahisi zenye salfa nyingi, na moshi wake uliigeuza fedha ile kuwa nyeusi, doa zikatokea.

Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua maana yake sawasawa. Mwaka 1925, katika mji wa Leiden, Uholanzi, vijana wawili, George Uhlenbeck mwenye miaka 24 na Samuel Goudsmit mwenye miaka 23, waliandika kwamba elektroni yenyewe ina spini. Mtaalamu mkubwa Lorentz aliwaonyesha kosa: kama elektroni ingekuwa mpira mdogo unaozunguka, ngozi yake ingekimbia kuliko mwanga. Vijana wakaogopa, wakaenda kwa mwalimu wao Paul Ehrenfest kumwomba asiipeleke makala yao. Akawajibu kwamba amekwisha kuipeleka, na kwamba wao bado ni vijana, waweza kuvumilia kufanya upuzi mmoja. Lorentz alisema kweli, elektroni si mpira unaozunguka. Walakini vijana nao walisema kweli, spini ipo.

Mzee alipofika hapo alinitazama juu ya miwani. "Mwalimu yule angalisema 'swali hilo halimo katika somo la leo', mambo yangalikuwaje?" Sikumwambia kwamba maneno hayo ni yangu. Nadhani aliyasoma usoni pangu.

Njia inayogeuza mkono

Kisha mzee akamwita mjukuu wake alete pia. Mtoto akaizungusha juu ya ubao. Ilipoanza kuchoka ililala upande, lakini haikuanguka mara moja; kichwa chake kikazunguka polepole kwenye duara.

"Umeona? Kitu kinachozunguka, ukikisukuma, hakiangukii upande ulikokisukuma, bali huzunguka. Spini nayo hufanya hivyo mbele ya sumaku. Ikiwa haikuelekea sawa na sumaku, huizunguka."

Halafu akaokota njiti ya chuma ya gurudumu la baisikeli, akailaza juu ya ubao.

"Tuseme huu ni waya mwembamba mno, nao umelala juu ya meza ambayo ndani yake mna msukumo wa umeme unaoelekea juu. Elektroni ikikimbia ndani ya waya, inauhisi msukumo ule kana kwamba kuna sumaku kando yake. Si mbele, si juu, bali kando, upande wa mkono." Akaniambia kwamba jambo hilo limeshikamana na jina la Emmanuel Rashba, mtaalamu aliyelichunguza tangu zamani za Muungano wa Kisovieti.

"Sasa wewe unatoka Kasongo asubuhi kwenda Kabambare. Unaelekea wapi?"

"Mashariki, jua usoni."

"Mkono wako wa kuume waelekea wapi?"

"Kusini."

"Njia ikipinda ukaelekea kaskazini, mkono wa kuume waelekea wapi?"

"Mashariki."

"Nani aliyeugeuza mkono?"

Nikafikiri. "Si mimi, Mzee. Ni njia."

"Hilo ndilo jibu!" akasema, akapiga goti lake. "Waya ulionyooka, sumaku ya kando hukaa upande mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Waya uliopindwa, sumaku ya kando hugeuka kila penye pindo. Nawe hukuleta sumaku nyingine yo yote. Umepinda waya tu."

Swali lililobaki ni hili: je, spini hufuata? Hapo mzee akaikunja njiti taratibu, kwanza kama upinde wa mwindaji, kisha kwa ncha kali kama kiwiko. Pindo likiwa pole, spini hupata nafasi ya kuizunguka sumaku mara nyingi kabla pindo halijaisha, hivyo yaifuata kwa karibu, kama mtoto amfuataye mama yake sokoni. Pindo likiwa kali, sumaku hugeuka ghafula, na spini huachwa nyuma. Ikiachwa, haiwi tena sambamba na sumaku; yaanza kuizunguka kwa duara pana, na katika kuzunguka huko huinuka, ikaelekea juu na kuacha usawa wa meza. Kwa hiyo mtu akijua umbo la waya, aweza kukadiria elektroni itakapotoka upande wa pili itakuwa imeelekea wapi.

Nikamwuliza, "Basi kwa nini jambo hili halionekani katika waya huu wa baisikeli?"

Akajibu kwamba waya huo ni mnene na mrefu mno. Ndani yake elektroni hugonga huku na huku, na spini hupoteza mwelekeo kabla hazijafika mbali. Waya unaotakiwa hupimwa kwa nanomita. Chukua milimita moja, uigawe vipande 1,000,000; kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita kama 80,000, na waya wa nano waweza kuwa na nanomita makumi au mamia tu. Tena majaribio mengi hufanywa katika baridi kali sana, ili elektroni zisisumbuliwe na joto.

Watu wamekwisha kufanya majaribio ya namna hiyo. Mjini Sendai, Japani, Junsaku Nitta na wenzake walitengeneza pete ndogo mno za mchanganyiko wa indi, gali na arseniki. Elektroni ikiingia katika pete, huenda kama wimbi, ikapita pande zote mbili kwa pamoja, na mawimbi hayo hukutana upande wa pili. Yakikutana kilele kwa kilele, umeme hupita vema. Kilele kikikutana na bonde, mawimbi huuana. Mwaka 2013 walionyesha kwamba kukutana huko kunategemea pia umbo la njia ambayo spini yenyewe imeipitia katika kugeuka kwake.

Halafu mwaka 2016 wataalamu, wengine wao wa Salerno, Italia, walifanya hesabu ya pete iliyobonyezwa ikawa kama yai. Pete ya mviringo kamili ina pindo lile lile po pote. Lakini yai lina pindo kali kwenye ncha zake mbili, na pindo pole mbavuni. Kwa hiyo spini huachwa nyuma kwenye ncha, hukaribia tena mbavuni, huachwa tena kwenye ncha ya pili. Hesabu ikaonyesha kwamba kwa kubonyeza pete tu, bila kubadili metali wala kuleta sumaku, mtu aweza kupanga mwelekeo wa spini na kubadili kiasi cha umeme kinachopita. Masango ya wazee wetu yakanijia moyoni: kitu ni kile kile, umbo limeleta kazi nyingine.

"Na jiwe letu?" nikauliza.

"Sasa twarudi kwenye jiwe," akasema mzee. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitandaza tantali nyembamba, nanomita chache tu, wakaweka juu yake utando wa sumaku. Walipopitisha umeme katika tantali, spini za namna moja zilikwenda upande mmoja, na za namna nyingine upande wa pili. Zilizosukumwa upande wa sumaku ziliweza kuigeuza, kaskazini yake ikawa kusini. Sumaku iliyogeuzwa ni kama alama: huku ni ndiyo, huku ni siyo. Kwa alama za namna hiyo hutengenezwa kumbukumbu za kompyuta zisizosahau umeme ukikatika. Sisi ambao taa zetu huzimika tunajua thamani ya kitu kisichosahau gizani.

"Tena angalia jambo moja," mzee akaongeza. "Tantali nyembamba huweza kupanga atomi zake kwa namna mbili. Katika mpango mmoja, uitwao beta, kazi hii huwa na nguvu. Katika mpango mwingine huwa hafifu. Tantali ni ile ile." Akanirudishia jiwe. "Usimdanganye kijana. Mwambie kwamba kumbukumbu za spini zimekwisha kuuzwa, lakini waya uliopindwa na pete ya yai bado ni kazi ya vyumba vya majaribio. Ukimpa kweli iliyoongezwa chumvi, siku atakapoigundua hatakusikiliza tena."

Chumba cha mita 3 kwa 4

Mwezi wa nane nilirudi upande wa Kabambare, jiwe mfukoni na njiti ya baisikeli mkobani. Nilimkuta mpwa wangu nyumbani, maana alikuwa ameumia mguu shimoni. Si sana, lakini alichechemea. Nikakaa naye uwanjani, nikamweleza kama nilivyoelezwa: sifongo, doa mbili juu ya kioo, vijana wa Leiden, pia, mkono wa kuume. Mwanzo alisikiliza kwa adabu tu. Nilipopinda njiti, akaichukua mikononi mwangu, akaipinda mwenyewe.

Kisha akauliza, "Mjomba, utando ule wa tantali una unene gani?"

"Tuseme nanomita 5."

"Na uzito wa tantali?"

Hilo nilikuwa nimeliandika. "Sentimita moja ya ujazo ina gramu 16.6."

Akachukua kijiti, akaandika hesabu katika vumbi. Alifuta mara mbili, akaandika tena. Dada yangu alitoka jikoni, akasimama nyuma yake na mwiko mkononi, wala hakusema neno. Hatimaye kijana akainua kichwa.

"Gramu 1 ya tantali safi," akasema, "ikitandazwa kwa unene wa nanomita 5, itafunika mita za mraba 12."

"Ni kiasi gani hicho?" mama yake akauliza.

"Chumba chako, mama. Mita 3 kwa 4. Sakafu yote, toka ukuta hata ukuta."

Dada akatazama ndani ya chumba chake kana kwamba sakafu imekwisha kung'aa. Nami nilitazama hesabu ile. Niliirudia yote kwa kalamu, nikaona haina kosa. Kijana huyu amebeba mifuko mgongoni mwaka mzima, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba gramu moja inaweza kwenda mbali hivyo. Hapo akanyamaza kitambo, akapigapiga kijiti chini.

"Basi, Mjomba, jiwe latoka kwetu, lakini kujua kulipinda hakutoki kwetu."

"Bado," nikasema.

Sikumwambia neno la shule. Nilikuwa nimelitayarisha njia nzima, lakini niliona si mahali pake. Jioni ile nilimkabidhi dada nusu ya karo. Nilikuwa nimeuza mbuzi wawili. Nusu ya pili haijapatikana, na deni la kijana kwa mwenye shimo halijalipwa lote. Sijui kama atakuwapo darasani mwezi wa tisa. Ningependa kuwaandikieni kwamba amekwisha kurudi na mambo yamekwisha vizuri, lakini nimeonywa juu ya kuongeza chumvi.

Wazazi wapenzi, na ninyi walimu wenzangu, nawaombeni jambo moja tu. Mtoto akiwauliza swali msilolijua, msimwambie kwamba halina maana, wala msimpe jibu la haraka kama nililolitoa mimi. Mwambieni, "Sijui, lakini twende tukamwulize anayejua." Maneno hayo hayana gharama. Mimi niliyakosa kwa sababu niliona haya, na haya yangu ilikaribia kumhukumu kijana mwenye akili akae shimoni siku zote.

Juzi nilipata barua kutoka Kabambare, imeletwa na mtu wa pikipiki. Ndani ya bahasha mlikuwa na njiti ya baisikeli, imepindwa namna ambayo mimi sikuipinda: haikulala tena sawa juu ya meza, bali ilizunguka ikipanda juu kama ngazi ya mnara. Na karatasi yenye mstari mmoja: "Mjomba, mwulize Mzee, waya ukipanda hivi, mkono wa kuume utaelekea wapi?"

Nikaipeleka chini ya mwembe. Mzee aliigeuza njiti ile mkononi kwa muda mrefu, akavua miwani, akacheka peke yake.

"Hili," akasema, "ndilo wanalolihangaikia hivi sasa. Mwambie aje aulize mwenyewe."